Mobutu na mfuko wa Mkongo: maisha yanayojadiliwa hadi Umbilo

Umbilo ni mtaa wa mji wa Durban, Afrika Kusini, ulioko kwenye mteremko unaotazama bandari. Ukipita huko utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira na cha Lubumbashi kikichanganyika na Kifaransa, Kilingala na Kizulu. Wakongo walianza kufika Durban kwa wingi katika miaka ya 1990, na sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, iliwapa nafasi ya kuishi mjini na kutafuta kazi badala ya kuwekwa kambini. Wapo wanaonyoa na kusuka nywele, wapo mafundi cherehani, wapo wanaolinda magari kwenye maegesho ya madukani, na wapo waliosoma hadi chuo kikuu nyumbani ambao nao wako katika kazi hizo hizo.

Wanapokutana Wakongo siasa haikosekani. Mazungumzo yanaweza kuanza na thamani ya dola huko Kinshasa au na vita vya Kivu, lakini hayachukui muda kabla ya kufika kwa marehemu Mobutu Sese Seko. Wazee husema kwamba katika zama zake zaire moja ilinunua dola mbili za Marekani, na vijana waliozaliwa baada ya yeye kukimbia nchi huyarudia maneno hayo kana kwamba waliziona fedha hizo kwa macho yao.

Ni kweli, zaire moja ilikuwa dola mbili. Lakini huo ni ukweli wa miaka michache tu ya mwanzo. Ndiyo maana tumeona tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu huyo, na zaidi tuangalie upande wa fedha na biashara. Kwa maoni yetu huko ndiko alikoacha alama kubwa kuliko kwenye majina ya miji au mavazi, na ndiyo sababu Mkongo mwenye akiba, awe Kinshasa au Umbilo, hupenda kuihesabu kwa dola, kuiweka mbali na benki, au kuigeuza kuwa bidhaa anayoweza kuibeba.

Mtoto wa mpishi

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Oktoba 14, 1930 katika mji wa Lisala, kando ya mto Kongo, mkoa wa Equateur. Familia yake ilikuwa ya kabila la Wangbandi. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi wa hakimu wa Kibelgiji, naye alifariki Mobutu akiwa mtoto wa miaka minane. Mama yake, Marie-Madeleine Yemo, alimlea kwa msaada wa ndugu. Alisoma kwa wamisionari, akafukuzwa shule kwa utovu wa nidhamu, na adhabu ya wakati huo kwa kijana wa aina hiyo ilikuwa kupelekwa katika jeshi la kikoloni, Force Publique.

Huko jeshini alifundishwa ukarani na uwekaji hesabu mjini Luluabourg, ambao sasa ni Kananga. Alitoka mwaka 1956 akiwa sajini na kuingia katika uandishi wa habari mjini Léopoldville. Katika kazi hiyo ndipo alipofahamiana na Patrice Lumumba, akajiunga na chama chake cha MNC.

Mapema mwaka 1960 Wabelgiji waliitisha mikutano miwili mjini Brussels kuhusu uhuru wa Kongo. Ule wa kwanza, wa siasa, unajulikana na kila mtu, kwani ndio ulioamua siku ya uhuru. Ule wa pili, wa uchumi, haukumbukwi sana. Viongozi wakubwa wa Kongo walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani kuendesha kampeni za uchaguzi, wakawatuma vijana. Mmoja wa vijana hao alikuwa Mobutu, ambaye hakuwa na elimu ya uchumi zaidi ya ile ya karani wa jeshi. Mbele yao walikaa mabenki na makampuni ya Ubelgiji pamoja na wanasheria wao. Baadaye Mobutu mwenyewe alikiri kwamba walizidiwa maarifa. Siku tatu kabla ya uhuru, Juni 27, 1960, Ubelgiji iliivunja taasisi iliyoitwa Comité Spécial du Katanga, na kwa hatua hiyo dola mpya ya Kongo ikapoteza nguvu ya kuamua mambo ndani ya kampuni kubwa ya shaba, Union Minière du Haut-Katanga.

Sisi tunaamini kwamba kijana yule hakusahau somo la Brussels. Tatizo ni namna alivyolielewa.

Lumumba alipokuwa waziri mkuu alimfanya Mobutu kuwa kanali na mkuu wa majeshi. Julai 11, 1960 Moïse Tshombe aliitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, na Union Minière ikawa inamlipa yeye kodi. Septemba 14 mwaka huo huo Mobutu alitangaza kuwaweka kando Rais Kasavubu na Lumumba pia. Lumumba alikamatwa, akapelekwa Katanga na kuuawa Januari 17, 1961. Mobutu aliendelea kuwa mkuu wa jeshi, na Novemba 24, 1965 akautwaa urais.

Jambo dogo la pembeni: jirani na Umbilo, katika eneo la Glenwood, ipo barabara iliyoitwa Moore Road kwa miaka mingi na ambayo tangu mwaka 2008 inaitwa Che Guevara. Wakongo wa Fizi na Baraka wanaopita hapo wana sababu ya kulijua jina hilo. Che Guevara aliingia kwao mwaka 1965 kwa kuvuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akakaa milimani pamoja na wapiganaji, miongoni mwao Laurent Kabila. Aliondoka mwezi Novemba akiwa amekata tamaa, siku chache tu kabla ya Mobutu kuchukua madaraka.

Miaka ya neema

Utawala ulianza kwa kamba. Juni 1966 wanasiasa wanne, akiwemo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Baada ya hapo waliobaki walinyamaza. Mwaka 1967 kikaundwa chama cha MPR, ambacho kila Mkongo alihesabiwa kuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa.

Kwa upande wa uchumi, lazima tuseme haki, mwanzo ulikuwa mzuri. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi na madini mikononi mwa dola. Januari 1, 1967 Union Minière ilitaifishwa, ikazaliwa kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Wasomaji wetu wa Tanzania watakumbuka kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi mmoja tu baadaye. Juni 1967 ikaja sarafu mpya, zaire, kwa ushauri wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Faranga 1,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire moja, na zaire moja ilikuwa dola mbili. Mfumuko wa bei ukatulia. Bei ya shaba ilikuwa juu, hasa kwa sababu ya vita vya Vietnam, na wawekezaji wakaja. Kampuni ya Goodyear ilifungua kiwanda cha matairi Kinshasa mwaka 1972, na General Motors nayo ikafuata na kiwanda cha kuunganisha magari. Bwawa la kwanza la umeme la Inga lilikamilika mwaka 1972.

Hii ndiyo Zaire wanayoikumbuka wazee. Haikuwa ndoto. Mshahara wa mwalimu ulitosha, na hospitali zilikuwa na dawa.

Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka 1972 rais akaacha jina la Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Suti na tai zikapigwa marufuku, likavaliwa abacost. Ziwa Albert likaitwa ziwa Mobutu, na jirani yake Idi Amin akajipatia lile la Edward.

Novemba 30, 1973

Sasa tunafika kwenye tarehe ambayo kwa maoni yetu ingefaa kufundishwa katika kila shule ya biashara ya Afrika ya kati.

Siku hiyo Mobutu alitangaza mbele ya wabunge kwamba mashamba, ranchi, maduka ya jumla na ya rejareja, viwanda vidogo na kampuni za usafirishaji zilizokuwa mikononi mwa wageni sasa zitakuwa mali ya Wazaire. Kwa Kifaransa sera hiyo iliitwa zaïrianisation. Wageni wenyewe walikuwa Wagiriki, Wareno, Waitaliano, Wabelgiji wadogo wadogo, na Wahindi na Wapakistani ambao walikuwa wengi katika miji ya mashariki. Waliahidiwa kulipwa fidia katika muda wa miaka kumi.

Wazo lenyewe lilikuwa na haki ndani yake. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka 13, lakini karibu kila duka la maana lilikuwa la mgeni. Swali ni nani aligawiwa. Watu hao waliitwa acquéreurs, yaani waliokabidhiwa, na wengi wao walikuwa wajumbe wa ofisi kuu ya siasa ya MPR, makamishna, maofisa wa jeshi, magavana na ndugu zao. Rais mwenyewe alijipatia mashamba makubwa yaliyokusanywa katika kampuni iliyoitwa CELZA, ambayo ilikuwa kati ya waajiri wakubwa wa nchi. Mkulima wa kahawa wa Kivu au mchuuzi wa Kisangani aliyekuwa na ujuzi wa kazi kwa miaka 20 hakupewa kitu.

Kilichofuata kilifanana karibu kila mahali. Mwenye duka mpya alifika, akauza mali iliyokuwa kwenye rafu, akatia fedha mfukoni, kisha akagundua kwamba bohari tupu halijazi tena lenyewe. Hakujua bidhaa ziliagizwa kutoka wapi, na mwenye kiwanda huko Ulaya aliyekuwa akimkopesha yule Mgiriki hakuwa tayari kumkopesha mtu asiyemjua. Ng'ombe wa mbegu walichinjwa. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara. Chumvi, sabuni na unga vikaadimika katika miji ambayo haikuwahi kuvikosa.

Uganda ilikuwa imeonyesha mfano huo mwaka mmoja kabla, pale Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na kuwagawia askari maduka yao. Mobutu hakuwafukuza wageni wote, lakini matokeo ya madukani yalifanana.

Na kama bahati mbaya haiji peke yake, mwaka 1974 bei ya shaba ilianza kuporomoka, ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kabla ya katikati ya mwaka 1975. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kuelekea bahari ya Atlantiki. Tangu hapo sehemu kubwa ya shaba ya Zaire ikawa inasafiri kuelekea kusini, kupitia Rhodesia hadi bandari za Afrika Kusini, wakati ambapo serikali za Afrika zilikuwa zikiapa kuisusia Afrika Kusini ya makaburu. Siku hizi malori ya shaba na kobalti ya Lubumbashi bado hushuka hadi Durban, chini tu ya mteremko wa Umbilo.

Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alitangaza hatua nyingine kali zaidi, akayachukua makampuni makubwa na kuyaweka chini ya wakuu walioteuliwa na dola. Hali ikazidi kuwa mbaya. Novemba 1975 akaanza kurudi nyuma: wageni waliruhusiwa kurudishiwa asilimia 40 ya mali zao, na Septemba 1976 asilimia 60. Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuja na mtaji mdogo na mguu mmoja nje. Nchini humo mfanyabiashara, awe mgeni au mwenyeji, alikuwa amejifunza kwamba hotuba ya asubuhi moja inaweza kumwondoa dukani kwake.

Mwaka huo wa 1976 Mobutu alizungumza hadharani kuhusu wizi wa mali ya umma, na badala ya kuukemea moja kwa moja aliwashauri watumishi kwamba anayeiba aibe kidogo na kwa werevu, asije akatajirika kwa usiku mmoja. Watu walicheka. Lakini askari wa barabarani, karani wa forodha na mhasibu wa wilaya waliisikia hotuba ile kama ruhusa.

Mjerumani wa Benki ya Zaire

Serikali ilikuwa imekopa kwa wingi wakati shaba ilipokuwa juu. Fedha zilikwenda katika miradi mikubwa, kama kiwanda cha chuma cha Maluku karibu na Kinshasa, ambacho kilifanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya uwezo wake, na waya wa umeme wa takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Shaba, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waya huo ulipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikuwa na taa hata moja.

Zaire iliposhindwa kulipa madeni, na baada ya vita viwili vya Shaba mwaka 1977 na 1978, wadai walidai mtu wao awekwe ndani ya benki kuu. Mwaka 1978 IMF ilimpeleka Erwin Blumenthal, mzee aliyetoka benki kuu ya Ujerumani Magharibi. Alikuta kwamba ofisi ya rais ilichota fedha za kigeni bila hesabu, na kwamba askari wenye silaha waliweza kuingia benki kudai dola. Hakukaa hata mwaka mzima na nusu. Ripoti yake, iliyofichuka mwaka 1982, ilisema bila kificho kwamba wadai wasitegemee kulipwa maadam utawala ule upo.

Mtu angedhani kwamba huo ungekuwa mwisho wa mikopo. Haukuwa. Mwaka 1983 Zaire iliingia katika mpango mwingine na IMF, sarafu ikashushwa thamani kwa kiasi kikubwa, na fedha zikaendelea kuja. Sababu ilikuwa vita baridi. Marekani ilimhitaji Mobutu kwa ajili ya Angola, na Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa na hesabu zao. Juni 1989 alikuwa rais wa kwanza wa Afrika kukaribishwa Washington na Rais George Bush mkubwa. Nyumbani kwake Gbadolite alikuwa amejenga kasri msituni na uwanja wa ndege ambao Concorde iliweza kutua.

Mwananchi wa kawaida alikuwa na msiba wake. Desemba 25, 1979, siku ya Krismasi, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 zimefutwa. Watu walipewa siku chache za kuzibadilisha, na kwa kiwango chenye mpaka. Mwenye jamaa benki alifanikiwa. Mkulima wa kijijini aliyeficha fedha zake za kahawa chini ya kitanda, siku mbili za mwendo kutoka benki ya karibu, alibaki na makaratasi. Tangu wakati huo kahawa na dhahabu ya Kivu na Ituri vilizidi kuvuka mpaka usiku kwenda Uganda, Rwanda na Burundi. Serikali iliita magendo. Wafanyabiashara wa Butembo, waliojenga biashara kwa kuaminiana wenyewe kwa wenyewe hadi kuagiza mali Asia, waliona ni njia pekee ya kubaki na kitu.

Noti ya milioni tano

Aprili 24, 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kwa siasa huo ulikuwa mlango kufunguka, maana Étienne Tshisekedi na wenzake wa UDPS walikuwa wakifungwa na kuteswa tangu 1982 kwa kudai jambo hilo hilo. Kwa uchumi ilikuwa nyumba kuanguka.

Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ilitoa kiasi cha tani 30,000 tu mwaka 1994. Kinshasa likazuka wimbi la michezo ya fedha, mashuhuri zaidi ikiwa Bindo Promotion, ambayo iliahidi kumzidishia mtu fedha zake mara kadhaa kwa wiki chache. Watu waliuza friji, magari na viwanja wakapeleka fedha huko, wakiwemo wanajeshi. Mwaka 1991 yote ikaanguka. Septemba mwaka huo askari wasiolipwa wa uwanja wa ndege wa Ndjili waliasi na kuanza kupora, raia wakawafuata, na kiwanda cha General Motors kikawa miongoni mwa vilivyovunjwa. Uporaji ulienea hadi miji mingine.

Serikali ilijibu kwa kuchapa fedha. Desemba 1992 ikatoka noti ya zaire milioni tano. Tshisekedi, aliyekuwa waziri mkuu kwa uamuzi wa mkutano wa kitaifa, aliwaambia wananchi wasiipokee. Mwezi Januari 1993 askari walilipwa mishahara kwa noti hiyo, wakaenda dukani, wakakataliwa. Wakapora kwa mara ya pili, wakaua. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akiwa ofisini kwake. Mwezi Oktoba ikaja sarafu nyingine, zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mikoa miwili ya Kasai iliikataa na kuendelea na noti kuukuu, kwa hiyo nchi moja ikawa na fedha mbili. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulihesabiwa kwa maelfu ya asilimia.

Wakati huo huo Katanga, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alichochea kufukuzwa kwa Wakasai, na maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni. Walikuwa mafundi, walimu na wafanyabiashara.

Tukiwasikiliza Wakongo wa Umbilo kwa makini tunaisikia miaka hiyo ndani ya tabia zao za leo. Kuna upatu, ambao wao huuita likelemba, unaoaminiwa kuliko benki, kwa sababu mshika fedha anajulikana kwake na kwa mama yake. Kuna mtaji unaowekwa katika vitambaa, simu na nywele za bandia badala ya akaunti. Kuna kijana anayeulizwa kwa nini hawekezi nyumbani, naye anajibu kwa kuuliza nani atakuwa mkuu wa forodha mwakani. Mtu wa nje anaweza kusema huo ni woga. Sisi tunaona ni hesabu, na waliofundishwa hesabu hiyo ni wazazi wao, kati ya 1973 na 1993. Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na mabenki ya mji huo yakafungwa, waliokuwa na akiba yao ndani ya nyumba walipata tena sababu ya kujisifu.

Meli ya Afrika Kusini

Vita vilivyomwondoa Mobutu vilianza Kivu Oktoba 1996, wakati yeye akiwa Ulaya kwa matibabu ya saratani ya tezi dume. Laurent Kabila na muungano wa AFDL, wakisaidiwa na Rwanda na Uganda, walipita nchi nzima kwa miezi saba. Jeshi la Zaire, ambalo halikuwa likilipwa, lilipora miji kabla ya kuikimbia. Uvira, Bukavu, Goma, Kisangani. Baadhi ya walioko Umbilo walianza safari yao hapo, kupitia Tanzania, Zambia, Zimbabwe au Msumbiji.

Makampuni ya madini hayakusubiri vita viishe. Aprili 1997 Lubumbashi ilipotekwa, American Mineral Fields ya Marekani ilitia saini mkataba na Kabila, Mobutu akiwa bado ni rais mjini Kinshasa. Waliokuwa wakimkaribisha kwenye makasri walikuwa wamekwisha kuhama.

Mei 4, 1997 alikutana na Kabila ndani ya meli ya jeshi la wanamaji la Afrika Kusini, SAS Outeniqua, katika bandari ya Pointe-Noire, Nelson Mandela akiwa mpatanishi. Mobutu hakuweza tena kupanda ngazi ya meli, ikabidi aingizwe kwa gari. Hawakukubaliana. Mkutano wa pili ulipangwa siku kumi baadaye na Kabila hakutokea. Mei 16 Mobutu aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite, na siku iliyofuata wapiganaji wa Kabila wakaingia mji mkuu. Kutoka Gbadolite aliruka kwa ndege ya mizigo huku askari wake mwenyewe wakiipiga risasi. Alikwenda Togo, kisha Morocco.

Aliacha deni la nje la zaidi ya dola bilioni 10. Juni 1998 faranga ya Kongo ilichukua mahali pa zaire mpya, faranga moja kwa zaire mpya 100,000, na jina la zaire likatoka katika fedha kama lilivyokuwa limetoka katika ramani.

Mobutu alifariki mjini Rabat Septemba 7, 1997, akiwa na umri wa miaka 66, na akazikwa katika makaburi ya Wakristo ya mji huo. Serikali ya Uswisi, iliyokuwa imezuia fedha zake, ilikuta takriban faranga milioni 7.7 za nchi hiyo, na baada ya kesi ya miaka 12 zikaachiwa warithi wake mwaka 2009 kwa kuwa Kinshasa haikufuatilia ipasavyo. Mwaka 2013 Rais Joseph Kabila, mtoto wa yule aliyempindua, alizungumzia kurudisha mabaki yake nyumbani pamoja na yale ya Tshombe, aliyezikwa Ubelgiji.